Mwalimu wa nasari katwambia tuache Kipemba nyumbani. Lugha nyingi zinamchanganya mtoto au zinamtia akili?

Mpemba wa Mjini (mleta uzi)

Assalaam alaykum wanajukwaa. Nina binti wa miaka minne na nusu, yupo skuli moja ya maandalizi hapa mjini, jina la skuli tuliache. Wiki iliyopita mwalimu wake katwita mie na mama yake, akatukalisha kwenye vile viti vya watoto mpaka magoti yakakaribia kidevu, akatwambia mtoto "anachanganya". Ushahidi wake ni mkate. Kaonesha picha ya mkate, kauliza kwa Kiingereza hiki nini, na binti yangu kajibu kwa sauti: "Nkate!" Darasa zima likacheka.

Kwa wageni wa visiwa hivi: sisi Wapemba hatuna haja na hiyo "m" yenu. Kwetu ni ntu, ntoto, nti, nkono, nkate. Mama yangu yuko Wete, na kila mwaka huja kukaa kwetu miezi miwili mitatu, kwa hiyo huyu mtoto kakulia mapajani mwake. Mke wangu ni wa hapa hapa Unguja, kwao Fuoni. Basi hesabuni wenyewe: Kiingereza asubuhi, Kiarabu cha chuoni (madrasa) baada ya alasiri, Kiunguja cha mama, Kipemba cha bibi na baba. Mwalimu anasema nyumbani tuseme Kiingereza tu mpaka mtoto "atulie".

Sasa Kiingereza changu mie ni cha kujazia fomu. Nimejaribu siku mbili. Nimegundua nilichonacho ni sentensi kama kumi hivi na zote ni amri: kaa, kula, lala, vua viatu, nyamaza. Siku ya pili jioni mtoto kaniuliza kama nimemkasirikia.

Upande wa pili shemeji yangu ananitumia video kila siku kwamba mtoto wa lugha mbili ubongo wake unafanya kazi mara mbili, na mwenye tatu ndo usiseme. Kwa hesabu hiyo wachuuzi wote wa Darajani wangekuwa maprofesa.

Bibi anakuja mwezi ujao. Mke wangu anataka bibi aombwe asiseme Kipemba mbele ya mjukuu wake. Nani wa kumwambia mama yangu maneno hayo? Mie simo. Naomba wenye elimu na wenye uzoefu waniambie, lugha nyingi zinafanya nini hasa kichwani mwa mtoto?

Kahawa Chungu

Mjibu huyo mwalimu kwa Kiingereza kwamba hujui Kiingereza. Natia kambi hapa.

Mama Nne

Mleta uzi, mie nilifuata ushauri huo huo kwa mwanangu wa kwanza. Katuni za Kiingereza, mie Kiingereza, baba yake Kiingereza cha kuunga unga. Sasa ana miaka kumi na tatu, Kiswahili anakielewa ila hakimtoki. Tukienda Donge kwa babu yake, babu anamuuliza habari za masomo, mtoto anabaki kutabasamu kama mtalii. Babu kamwita "mgeni" kwa utani, na jina limeganda. Siku moja nilimkuta jikoni anajifunza peke yake kusema "shikamoo babu, nimekuja kukutazama". Nililia.

Watatu waliofuata niliwaacha waseme walivyojaaliwa. Sasa wote wanne, darasani mmoja anaongoza, wawili wapo katikati, mmoja mvivu. Anayeongoza si yule mnayemdhania, na mvivu vilevile. Sikuona kwamba lugha ndiyo iliyowagawa.

Mwanaisimu Mchanga

Mie nimesoma isimu, yaani elimu ya lugha, si daktari wa watoto, ila swali hili ndilo lililoninyima usingizi nikiandika tasnifu. Nitaandika kirefu, mnisamehe.

Hii habari ya "kuchanganyikiwa" ina historia. Mwaka 1923 mtafiti mmoja wa Wales, D. J. Saer, aliwapima akili watoto wa skuli za huko, akaona wanaosema Kiwelisi na Kiingereza wana alama za chini kuliko wa Kiingereza kitupu. Wakubwa wakashika hapo hapo: lugha mbili zinadumaza. Lakini tofauti ile ilionekana kwa watoto wa shamba, ya mjini haikuwepo. Maana yake nini? Mtoto wa shamba, mwenye skuli duni na mzazi maskini, unamlinganisha na nani, halafu kosa unampa ulimi wake? Ni sawa na kuchukua mtoto wa Micheweni na mtoto wa mjini aliyelipiwa tuisheni tangu nasari, ukasema kilichomponza wa Micheweni ni Kipemba.

Miaka karibu arobaini watu wakaenda na wazo hilo. Ilipofika 1962, Elizabeth Peal na Wallace Lambert wakawapima watoto wa miaka kumi kule Montreal, Kanada, ambako Kifaransa na Kiingereza vinakaa mtaa mmoja. Safari hii walilinganisha watoto wa skuli za aina moja na familia za hali moja. Matokeo yakageuka: wa lugha mbili wakashinda, hata kwenye vipimo visivyo na maneno. Shangwe! Ila nao walikuwa na kasoro yao. Katika kundi la lugha mbili walichukua wale tu waliozimudu zote mbili vizuri, waliosuasua wakawaacha nje. Ukichagua wachezaji wazuri peke yao, timu yako itashinda tu.

Kwa hiyo mleta uzi, mwalimu wako bado yuko 1923, na shemeji yako kashukia kituo cha 1962. Daladala imeshaondoka.

Kahawa Chungu

Imeondoka kwenda wapi sasa? Usituachie njiani.

Papasi Mstaafu

Ngoja mie nichangie kabla ya wasomi. Nimeishia darasa la saba. Nimefanya kazi ufukweni Kiwengwa miaka mingi, Wataliani wamejaa, na Kiitaliano nimekijua kwa masikio tu, sijawahi kushika daftari. Baadaye nikaokota Kifaransa na Kijerumani cha biashara. Leo naongea na mzee wa Napoli tunagombana kuhusu mpira mpaka jua linazama.

Je nna akili zaidi? Sijui. Ila kuna kitu nimekiona. Ukikaa na wateja wanne, kila mmoja na lugha yake, kichwa kinachoka kama umebeba magunia. Lugha zote zinataka kutoka kwa wakati mmoja, na wewe unazizuia mlangoni, unaruhusu moja. Ukiteleza unamwambia Mjerumani "ciao bella" mbele ya mumewe.

Hilo la kuteleza lilishatokea. Naomba msiulize.

Mwanaisimu Mchanga

Papasi Mstaafu, umeeleza kwa mistari mitatu nilichokisoma kwa mwaka mzima.

Huo "mlango" ndio ulioleta nadharia yote. Ubongo wa mwenye lugha mbili hauzimi lugha moja ukisema nyingine, zote zinabaki zinawaka. Basi wakasema: anayeshika zamu mlangoni kila siku lazima awe mlinzi hodari, na uhodari huo utamsaidia hata pasipo lugha, katika kazi zote za kujizuia, kubadili mwelekeo na kupuuza vurugu. Aliyeipigania sana hoja hii ni Ellen Bialystok wa Toronto. Mwaka 2004 yeye na wenzake walitumia kipimo ambacho miraba ya rangi inatokea kushoto au kulia kwenye kioo cha kompyuta. Rangi hii bonyeza kitufe cha kushoto, rangi ile cha kulia. Ugumu ni pale rangi ya kushoto inapotokea upande wa kulia, mkono unataka kukusaliti. Watu wazima na wazee wa lugha mbili walisumbuka kidogo kuliko wa lugha moja.

Hapo ndipo magazeti yalipochukua habari ikawa lugha mbili ni vitamini.

Kisha wengine wakarudia vipimo wasione kitu. Kenneth Paap na Zoe Greenberg walichapisha mwaka 2013 kwamba faida hiyo hawaioni. Mwaka 2015 Angela de Bruin na wenzake wakaonesha jambo la aibu: tafiti zilizoleta matokeo matamu zilikuwa na nafasi kubwa ya kuchapishwa, zilizokosa faida zikabaki mtotoni mwa meza. Mwaka 2018 Minna Lehtonen na wenzake wakazikusanya tafiti 152 za watu wazima. Walipoondoa upendeleo huo wa uchapishaji, faida ikayeyuka. Na 2019 ukatoka utafiti wa watoto 4,524 wa Marekani, wa miaka tisa na kumi: wa lugha mbili na wa lugha moja, kwenye kazi hizo za kujizuia na kubadili mwelekeo, ngoma droo.

Ngoma droo lakini ina pande mbili. Watoto elfu nne na ushee, na lugha ya pili haikuwapunguzia uwezo huo. Hiyo ndiyo sehemu ambayo ningemwonesha mwalimu.

Mpemba wa Mjini

Ahsante sana. Nimesoma mara tatu, nikaona nisikubali kwa maneno matupu. Nimetafuta vipimo vyenyewe nikakuta kimoja rahisi, cha Mmarekani anaitwa Stroop, cha mwaka 1935. Unaandika majina ya rangi kwa wino usiolingana. NYEKUNDU umeiandika kwa kalamu ya kijani. MANJANO kwa buluu. Mtu aseme rangi ya wino, neno aliache. Jaribuni, mtaona ulimi unavyokimbilia kusoma.

Nikanunua peni za rangi, nikaandika maneno 24 kwenye karatasi moja, nikaenda maskani baada ya magharibi na simu ya kuhesabia sekunde. Zawadi kilo ya sukari.

Binamu yangu anayefanya kazi hoteli, lugha nne: sekunde 31. Mwalimu wa sekondari jirani yetu: 29. Kijana wa bodaboda, Kiswahili tu: 28. Mie mwenyewe 34, na nilikuwa nimeyaandika mie hayo maneno! Akaja mzee mmoja mvuvi mstaafu, lugha yake Kiswahili, na baharini na nchi kavu hajawahi kuhitaji nyingine. Akaishika karatasi, akaitazama, akaitaja kama anahesabu samaki: sekunde 17. Bila kosa hata moja.

Maskani pamelipuka. Kachukua sukari yake kaenda zake. Kwa hiyo mwanaisimu, nadharia imekufa Zanzibar. Mwenye lugha moja ndo bingwa.

Kahawa Chungu

Huyo mzee apewe udaktari wa heshima.

Mwanaisimu Mchanga

Mleta uzi, swali moja tu. Huyo mzee alivaa miwani?

Mpemba wa Mjini

Subiri.

Hakuvaa. Miwani yake imevunjika mkono tangu Ramadhani.

Mwanaisimu Mchanga

Basi hayo ndiyo majibu. Kwa hati yako ndogo hakuyaona maneno, aliona mabaka ya rangi. Kipimo cha Stroop kinakutesa kwa sababu unasoma bila kutaka. Asiyeweza kusoma yale maandishi hana cha kujizuia. Mpe rangi, atakutajia rangi.

Msicheke sana, maana kosa hilo hilo ndilo linalowasumbua wataalamu wenye maabara. Unadhani umepima lugha, kumbe umepima miwani. Kwao miwani ni umaskini, au uhamiaji, au kisomo cha mama, au kwamba aliyejifunza lugha nyingi tangu mwanzo alikuwa mtu wa aina fulani. Nusu ya ugomvi wa miaka hii ishirini ni kutafuta nani hakuvaa miwani.

Kahawa Chungu

Sukari irudi! 😂😂

Ustadh wa Chuoni

Assalaam alaykum. Nimewasoma kwa utulivu. Mie nafundisha watoto Qur-ani zaidi ya miaka ishirini. Watoto wangu wanaohifadhi, wengi wao ni wazuri hata kwenye hesabu skuli. Kichwa kinachobeba juzuu kumi hakishindwi na jedwali la kuzidisha. Kwa hiyo Kiarabu kinanoa, na ushahidi ninao mbele yangu kila siku.

Jambo la pili ni masikio. Mtoto wa miaka minne anatofautisha qaf na kaf, tha na sin, baada ya wiki chache tu. Mtu mzima akija kujifunza, tunatoka jasho sote wawili.

Mwanaisimu Mchanga

Ustadh wangu, la pili nakuunga mkono kwa mikono miwili. Janet Werker na Richard Tees walionesha mwaka 1984 kwamba mtoto mchanga wa nyumba ya Kiingereza anazisikia tofauti za sauti za Kihindi ambazo wazazi wake hawazisikii kabisa, na uwezo huo unapungua sana akikaribia mwaka mmoja, kama sauti hizo hazisikii kwao. Masikio yanafunga milango mapema. Wetu wana bahati, th, dh na gh tunazinyonya na maziwa. Nenda bara ukawasikilize na "samani" na "zahabu" zao. (Natania, ndugu zetu wa bara.)

La kwanza nitakupinga kwa adabu. Mtoto anayefikisha juzuu kumi ana mzazi anayemwamsha alfajiri, anayemfuatilia, asiyemwacha kuzurura. Mzazi huyo huyo ndiye anayekagua daftari la hesabu. Na wengi wanahifadhi bila kukisema Kiarabu. Hilo ni zoezi kubwa la kumbukumbu, lakini si lugha mbili kwa maana tunayoijadili hapa.

Ustadh wa Chuoni

Nimekuelewa. Lakini wewe mwenyewe ulipita chuoni au hukupita?

Mwanaisimu Mchanga

Nilipita, Ustadh. Na bakora nilizipata.

Chaki Nyeupe

Mie ni mwalimu wa hesabu skuli ya msingi, mkoa wa kusini. Mnajadili lugha nyingi kama neema, mie naziona kila siku zikigeuka ukuta. Sera yetu ya elimu ya 2006 ilitaka Hesabu na Sayansi zifundishwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano. Mtoto kasoma kwa Kiswahili miaka minne, mwaka wa tano kitabu kinabadilika ulimi.

Nitawapa kisa kimoja. Swali liliandikwa kwa Kiingereza: mama ana maembe 24, anampa jirani robo, yamebaki mangapi. Darasa zima limetulia. Binti mmoja nyuma kaandika 24 tu. Nikamwendea, nikamnong'oneza kwa Kiswahili. Hakunyanyua hata kalamu: "Kumi na nane." Akaniangalia kama kunilaumu, kwamba kwa nini nimemficha swali rahisi vile.

Kwenye mtihani huyo atapata sifuri, na ripoti itasema hesabu hajui. Kwa hiyo mie nikisikia "lugha ya pili inatia akili" nauliza: imeingiaje? Iliyoongezwa juu ya ya kwanza ni jambo moja. Iliyowekwa mahali pa ya kwanza ni jambo jingine.

Mama Nne

Chaki Nyeupe umenigusa. Ndivyo nilivyofanya kwa wa kwanza wangu, niliiondoa moja nikaweka nyingine.

Kahawa Chungu

Leo sina utani kwa hili. Mie ndiye nilikuwa yule mtoto wa nyuma.

Binti Shangani

Nimefungua akaunti leo kwa ajili ya uzi huu. Sisi ni Wahindi wa Mji Mkongwe. Bibi yangu alikuwa na Kikachi cha nyumbani, Kigujarati cha skuli, Kiswahili cha dukani na Kiingereza cha redio. Aliuza vitambaa miaka arobaini. Mteja akiingia, alikuwa anajua ashike lugha gani kabla hajafungua mdomo, kwa kutazama viatu tu.

Alianza kusahau akiwa na miaka themanini na kitu. Kwanza kilipotea Kiingereza. Kisha Kiswahili kikaanza kuvunjika, yeye ambaye alikuwa anawasahihisha Waswahili methali! Mwisho kilibaki Kikachi peke yake. Alipolazwa, muuguzi alidhani bibi anapiga kelele za ugonjwa, kumbe alikuwa anaomba maji. "Pani, pani." Tangu siku ile tukawa tunalala naye kwa zamu ili pawe na mtu wa kumtafsiri.

Swali langu: nimesoma kwamba lugha nyingi zinazuia huo ugonjwa wa kusahau wa uzeeni. Mbona hazikumzuia yeye?

Mwanaisimu Mchanga

Pole sana Binti Shangani, Mungu amrehemu. Hicho ulichokiona, kurudi kwenye lugha ya utotoni, kinajulikana kwa wagonjwa wengi wa namna hiyo.

Kuhusu kuzuia: hakuna uthibitisho wa maana kwamba lugha zinazuia. Uliozungumzwa sana ni wa Bialystok na wenzake, 2007, kliniki ya Toronto, wagonjwa 184. Wa lugha mbili dalili zao zilianza kama miaka minne baadaye kuliko wa lugha moja. Ni kuchelewa tu. Waliopinga wakasema wengi wa lugha mbili pale walikuwa wahamiaji, na anayevuka bahari kuanza maisha upya mara nyingi ni mtu mwenye afya na moyo. (Miwani tena.)

Kwa hiyo wa Hyderabad, India, ndio ninaoupenda mie. Suvarna Alladi na wenzake, 2013, wagonjwa 648. Kule hawakuhamia popote, Kitelugu na Kiurdu vimo mtaani kama Kikachi na Kiswahili kwenu. Waliona kuchelewa kwa miaka minne na nusu, na hata kwa wasiojua kusoma wala kuandika. Na kuongeza lugha ya tatu au ya nne hakukuongeza kitu.

Maelezo yao ni ya akiba, kwamba ubongo uliozoea lugha mbili una nguvu za ziada za kuvumilia ugonjwa. Tom Schweizer na wenzake walitazama picha za ubongo mwaka 2012: wagonjwa wa Alzheimer (aina moja ya huo ugonjwa wa kusahau) wenye dalili za kiwango kimoja, wale wa lugha mbili ubongo wao ulikuwa umeliwa zaidi. Maana yake walikuwa wanaendelea kuuza vitambaa wakati nyumba ndani imeshaanza kubomoka. Lakini lazima niseme na upande wa pili. Tafiti zilizowafuata watu wazima wenye afya kwa miaka mingi, zikasubiri nani ataugua, zilipokusanywa mwaka 2017 na Naaheed Mukadam na wenzake hazikuonesha kwamba wa lugha mbili wanaugua kidogo. Ugomvi haujaisha.

Bibi yako alianza akiwa na miaka themanini na kitu. Pengine bila duka lile angeanza mapema. Siwezi kujua na hakuna atakayekwambia kwa hakika.

Binti Shangani

Ahsante. Duka lile alilifunga akiwa na 79, kwa ubishi.

Papasi Mstaafu

Mie bado nataka kuulizia mtoto wa mleta uzi. Tumesema hadhuriki. Je anapata nini? Au hapati kitu?

Mwanaisimu Mchanga

Kuna gharama ndogo, tusifiche. Mwaka 2010 Bialystok na wenzake walipima msamiati wa Kiingereza wa watoto 1,738 wa miaka mitatu hadi kumi. Wa lugha mbili walikuwa na maneno machache kidogo. Ila walipochambua maneno gani, yaliyopungua zaidi ni ya nyumbani. Ya skuli walikuwa karibu sawa na wenzao. Kwa nini? Jikoni wana lugha nyingine.

Sasa mrudieni yule ticha na picha yake. Kachagua neno la jikoni! Angemwonesha penseli, mtoto angejibu Kiingereza safi. Mkate aliujulia kwa bibi yake.

Na kuchanganya maneno katika umri ule ni kawaida, mtoto anaziba pengo kwa neno alilonalo. Kama mtoto kachelewa kabisa kusema, katika lugha ZOTE, hapo nenda kwa mtaalamu wa masikio na matamshi, usiisingizie lugha ya pili. Wako anasema "nkate" kwa sauti ya darasa zima, huyo hajachelewa.

Anachopata? Nimesema ubingwa wa kujizuia una shaka. Kisicho na shaka ni kwamba anampata bibi yake, mwingine wa nini?

Mpemba wa Mjini

Mrejesho, wanajukwaa. Nimekwenda skuli jana, peke yangu, nikakaa tena kwenye kile kiti. Nikamweleza mwalimu habari ya jikoni na penseli. Kusema kweli ni binti mpole, hana ubaya. Kaniambia yeye mwenyewe kaagizwa na wakubwa zake awaambie wazazi hivyo, na ana watoto 38 chumba kimoja. Nikamwomba afanye jaribio mbele yangu. Katoa penseli, binti yangu kataja kwa Kiingereza. Kiti, kataja. Kitabu, kataja. Akarudi kwenye ile picha ya mkate, akamfundisha neno lake la Kiingereza, mtoto akalirudia vizuri kabisa.

Halafu mtoto akamuuliza ticha: "Lakini ndo boflo, au wa kumimina, au wa mofa?"

Ticha kaitazama picha. Kaigeuza. Akasema Kiingereza ni hilo hilo moja kwa yote. Mtoto akaniangalia mie kwa huruma, kama anataka kusema masikini ticha.

Tumekubaliana Kiingereza kibaki skuli, mie nimsomee hadithi usiku kwa Kiswahili changu hiki hiki, na mke wangu kaniambia "mama yako aseme atakavyo, ila mie sijibu kwa Kipemba". Nimemwambia hakuna aliyekuomba. Bibi atapanda boti ya Alhamisi kutoka Mkoani, kashaniagiza nimpokee na begi kubwa, maana anakuja na vitu.

Kahawa Chungu

Hongera. Sasa tuje kwenye mambo ya msingi. Sukari?

Mpemba wa Mjini

Mzee katengeneza miwani yake juzi. Tumempa karatasi tena mbele ya mashahidi. Sekunde 52, makosa saba. Sukari tumemdai, anasema keshainywea chai.